Bingwa wa Baraza Moja

Kama kuna neno lililokuwa likimpandisha Mastura mori, ni hilo "bingwa". Alilisikia kila alasiri kupitia dirishani, ameinamia kofia anayoidarizi, na kila alisikiapo sindano humchoma kidole. Bingwa! Bingwa gani? Nje hapo, kwenye baraza ya nyumba yao Mishomoroni, nduguye Abdillahi amekaa mwisho ukutani, mahali pa asiyeshindwa, anawafunga majirani wale wale mchezo wa dama kwa vizibo vya soda, nao wanampigia makofi.

Dama wote wawili walifundishwa na marehemu baba yao, kwenye ubao mmoja. Mastura alipokuwa mwari akaambiwa baraza ni ya wanaume, basi. Abdillahi akatoka, yeye akabaki. Lakini ubao ukirudi ndani baada ya chakula, dada mtu ndiye aliyemfunga mdogo wake, jana, leo na kesho, hata akawa anacheza huku akichambua mchele.

"Usiwaambie watu, da Mastura," Abdillahi humbembeleza.

Naye hakuwaambia. Alimeza. Tangu usichana wake hata mwaka huo wa tisini na moja alimeza tu, huku moyoni akijua bingwa wa Mishomoroni ni nani.

Sasa siku hiyo akaja Mzee Khamis, mtu wa Likoni, kaletwa na hizo sifa. Akaamkiwa, akaketi, akapanga vizibo. Haikuchukua muda. Abdillahi alifungwa, akafungwa tena, akafungwa mpaka majirani wakaacha kupiga makofi.

"Nani alokufundisha?" mzee akauliza.

"Nimejifunza mwenyewe, wallahi."

Wallahi! Na kiapo juu! Mastura aliitupa kofia, akajitanda leso, akatoka nje.

"Shikamoo, babu. Huyo mwongo. Tumefundishwa na baba, na mimi humfunga kila siku ya Mungu. Cheza nami."

Watu wakaguna. Abdillahi akatafuta pa kuuficha uso, lakini mahali pake hakupaacha.

"Marahaba," mzee akasema. "Haya, anza."

Mastura alicheza amesimama, kwa kuwa hakuna aliyempisha. Alianza kwa kiburi, nami simlaumu. Akala vizibo viwili, akajiona amefika. Kumbe ametegewa! Mzee alimwingilia kwa upande ambao Abdillahi hajapata kumwingilia maishani, akamla mpaka hakikumbakia hata kizibo kimoja.

Baraza nzima ikacheka. Aliyecheka kuliko wote ni Abdillahi. "Bingwa wa jikoni!" akasema.

Hapo Mastura akapasuka.

"Unacheka? Wacheka nini, mtovu wa haya we? Mzee huyu ana Likoni nzima ya kucheza nayo. Wewe una baraza hii. Mimi mmenipa nani miaka yote hii? Mmenipa wewe! Ningejuaje kama najua au sijui?"

Machozi ya hasira yalimtoka, na hakuyafuta. Kicheko kikakatika.

Mzee Khamis alikuwa ameshaanza kuvipanga vizibo upya. Alipomaliza, akatazama kule mwisho ukutani.

"Abdillahi, inuka," akasema. "Mpishe dada yako akae."