Mkutano Nilimomkuta Mama Mkwe

Ile siku naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu niliondoka Sange nimevaa suti ya harusi yangu. Usicheke. Nilitaka yeyote atakayeniona Uvira adhani naenda kwenye shughuli ya heshima, asijue kwamba natafuta mahali ambapo walevi wanakutana ili kusaidiana kuacha pombe.

Nilikuwa kijana bado, na kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imenimaliza. Shamba la mpunga lilijaa majani. Mke wangu Neema alikuwa amembeba mtoto wetu na kurudi kwa wazazi wake, na baba mkwe alisema atamrudisha siku atakapoamini kwamba nimeacha. Nilimpenda Neema. Bila yeye nyumba ilinishinda hata kulala.

Fundi mmoja wa baiskeli ndiye aliyeniambia kuna kikundi Uvira, kwenye parokia moja karibu na soko la Mulongwe. Wakwe zangu walikaa Kalundu, upande mwingine kabisa wa mji, kwa hiyo nilijiambia kwamba pale hakuna atakayenijua.

Nilipofika uani nikamkuta mama mmoja anafagia. Ningeuliza waziwazi, ningefika mara moja, lakini ulimi ulikataa. Nikasema tu, "Mama, mukutano iko wapi?" Akaiangalia ile suti, akatabasamu, akanipeleka kwenye kamati ya harusi! Walinipokea vizuri sana, wakidhani natoka upande wa bwana harusi. Nilikaa, nikatoa hata mawazo kuhusu viti. Walipoanza kujadili bia, nikasimama.

"Papa, unaenda wapi? Hatuyamaliza," mwenyekiti akaniuliza.

"Munisamehe. Minye niko natafuta bale bantu benye kuacha pombe."

Nilingoja kicheko. Hakuna aliyecheka.

"Iko kule nyuma, mulango ya bulu," akasema. "Fanya mbio, bameshaanza."

Nikausukuma ule mlango wa buluu. Watu walikuwa wamekaa duara, na aliyekuwa anazungumza ni mama mkwe wangu.

Ninyi vijana wa leo mnapiga picha na mama wakwe zenu, hamwezi kujua nilichohisi. Kwetu wakati ule mkwe hakukaa karibu na mama mkwe wake, wala hakula mbele yake. Tena huyu alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani kwao. Hakuna aliyejua kwamba anakunywa, hata mumewe, kwa maana alikunywa jikoni, kwa kikombe cha chai. Aliponiona alijifunika uso kwa kitenge. Mimi nikageuka nitoke.

Mzee aliyekuwa anaongoza akanifuata mlangoni, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia. Akafikiri kidogo, akachukua kiti, akakiweka nyuma ya yule mama kikiwa kimeelekea ukutani.

"Weye ikala hapa," akasema. "Hautamuona, naye hatakuona. Kusikia tu, hakuna mubaya."

Basi tukakaa hivyo, mgongo kwa mgongo, juma baada ya juma. Nilimsikia akieleza alivyoogopa kwamba mikono yake itatetemeka wakati wa ibada. Naye alinisikia nikimlilia binti yake. Tukitoka nje tulisalimiana kwa mbali kama desturi inavyotaka, na kila mmoja akashika njia yake. Kuna wakati nilianguka nikanywa tena. Niliporudi kwa aibu, kiti changu kilikuwa palepale, kimeelekea ukutani.

Hatimaye nikaenda Kalundu na wajomba zangu kumwomba Neema arudi. Baba mkwe alitusikiliza mpaka mwisho.

"Maneno nimesikia," akasema. "Sasa nani hapa aliona kama huyu aliacha?"

Niliangalia chini, kwa sababu shahidi wangu alikuwa mle ndani na sikuweza kumtaja. Nilijua kwamba Neema ananipotea.

"Ni minye," mama mkwe akasema kutoka mlango wa jikoni. "Tunaikala naye kila juma kule ku kikundi. Na minye nilikuwa nakunywa, papa Neema. Humu mu nyumba yako."

Baba mkwe alimtazama mkewe. Kisha akainuka, akavuta kiti, akakiweka kando ya chake, na yule mama akaja akakaa. Baada ya hapo ndipo alipomwita Neema amlete mtoto.

Mwanangu, juzi uliniambia umesikia habari za kikundi, ila unaogopa kukutana na mtu anayekujua. Sitakudanganya: utakutana naye. Nenda hivyohivyo, na ukifika uani useme unachotafuta, usije ukajikuta unapanga harusi ya watu. Yule utakayemkuta mle, mtunzie siri yake, maana ni yeye peke yake mwenye ruhusa ya kuitoa, na huwezi kujua ataitoa kwa ajili ya nani. Ukianguka, rudi. Usingoje mpaka uwe msafi ndipo urudi.

Mungu akutangulie mpaka kwenye mlango huo, akupe nguvu ya kuusukuma. Akukutanishe na watu wema ndani, na awalinde wote wanaokungoja nyumbani.