Nusu Mumiani, Nusu Fisi

Baba alipopunguzwa kazi kiwandani, mama alianza kuuza mitumba. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, na Morogoro nzima ilivaa nguo za watu tusiowajua. Belo lilifunguliwa uani kwetu, Mji Mpya, nasi watoto tukachambua: magauni huku, suruali kule. Siku moja, ndani ya mfuko wa koti zito la kitoto, nilikuta kitabu cha katuni kimekunjwa katikati.

Picha zake zilikuwa za rangi. Msichana wa umri wangu, mweupe kama unga, chonge zake zimetokeza hadi mdomo wa chini. Ukurasa uliofuata, mikono yake ilikuwa imeota manyoya. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la tano, kwa hiyo nilimpelekea kaka, aliyekuwa sekondari.

"Baba yake mumiani," kaka alisema, akifuata maneno kwa kidole. "Mama yake ni mtu anayegeuka mbwa mwitu. Kama fisi, lakini wa Ulaya. Kwa hiyo yeye nusu huku, nusu kule."

"Ni mbaya?"

"Hapana, ndiye stelingi. Anawapiga wabaya. Ila hamu ya damu ikimpanda, hajijui. Ndiyo maana hapa amejifunga mnyororo, asije akamuuma mdogo wake."

Kaka alicheka, akarudi kwenye hesabu zake. Mimi sikucheka. Mumiani tulimjua. Mjini ulikuwepo uvumi wa gari linalokamata watoto wakanyonywe damu, na tulikuwa tukitoka shule tumeshikana mikono. Lakini mumiani wetu alikuwa mtu mzima, mgeni, wa kukimbiwa. Haikuwahi kunijia kwamba anaweza kuwa mtoto wa kike aliyezaliwa hivyo. Huyo atajikimbiaje?

Likizo ilipoanza, chonge yangu ya kulia iliota juu ya jino jingine, ikatokeza. Nikaanza kuongea nimeziba mdomo kwa kiganja. Mdogo wetu alikuwa bado ananyonya, na mama alipokuwa sokoni, kazi yangu ilikuwa kumbeba. Shingo yake ilinuka maziwa. Mchana mmoja niliinusa kama kawaida, mate yakanijaa mdomoni. Ilikuwa njaa tu, sasa najua. Nilimlaza mkekani, nikaenda kukaa mbali, naye akalia hadi mama aliporudi.

"Mtoto analia, wewe unamwangalia?"

"Sitaki kumbeba."

"Hutaki?" Mama alinitazama kama nguo asiyojua aiweke fungu gani. Alikuwa amechoka. Nikashindwa kumwambia.

Siku chache baadaye nilikuwa mtoni nafua. Nilipoinuka niliona damu kwenye gauni langu. Nilijikagua miguu, nikajikagua mikono, sikuona jeraha. Nikajipapasa mdomo. Nikajiuliza nimemuuma nani.

Niliacha ndoo na nguo palepale, nikakimbia. Nyumbani sikwenda, kwa sababu mtoto alikuwa nyumbani. Nilishika njia ya mlimani, kwenda Towero kwa bibi, mama yake mama. Wanawake waliokuwa wakiteremka na mikungu ya ndizi vichwani waliniita. Nilipita bila hata shikamoo.

Bibi alikuwa anapalilia maharage nyuma ya nyumba. Nilisimama mbali naye.

"Shikamoo, bibi. Usinisogelee."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nifunge kamba."

Aliweka jembe chini. "Nikufunge kama mbuzi? Umefanya nini?"

"Sijui. Nina damu. Labda nimemuuma mtoto."

Alinifuata, nami nikarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Akanishika kidevu, akanifunua mdomo, kisha akatazama gauni. Hakucheka. Namshukuru kwa hilo mpaka leo.

"Jino hili la babu yako," alisema. "Na damu hii ni yako mwenyewe. Hujamuuma mtu. Umekuwa mwali."

Neno hilo nililijua, na hofu nyingine ikanishika. Mwali huwekwa ndani, haonekani na watu, mpaka wakubwa waseme. Bibi alinifunika kanga, akaniingiza chumba cha nyuma, akamtuma jirani kwa mama. Nikasikia wanawake wakija mmoja mmoja, wakinong'ona Kiluguru nisichokielewa vizuri.

Mama alifika jioni, mtoto mgongoni. Wakabishana mlangoni.

"Shule inafunguliwa wiki ijayo, mama."

"Basi atakaa nami mpaka ifunguliwe."

Mama akakubali. Kisha akaingia, akamfungua mtoto, akanipakatisha. Niligeuza uso pembeni. Mtoto alilala palepale, mkono wake umeshika kanga yangu, nami sikuthubutu kujitikisa.

Siku ya kutoka waliniogesha, wakanivika kanga mpya, wakaniteremsha mjini. Baba alikuwa ameketi uani. Aliponiona aliinuka, akanisogezea kiti chake, kitu ambacho hakuwahi kunifanyia. Nilikaa ukingoni, nikiogopa kuegemea.