Ua Lisilonuswa

Bi Kokila simpendi, na nasema mapema ili msomaji asije akadhani nimejificha nyuma ya adabu. Tumetengwa na uzio wa mbao tu hapa Kingsbury, London, tangu miaka ya sabini, na kabla ya hapo nilimjua Unguja, wakati mumewe ana duka la vitambaa Mkunazini. Mama yangu alikuwa na mawaridi uani kwetu, na mimi, msichana mdogo, ndiye niliyekuwa nikimpelekea asubuhi kwa ajili ya miungu yake. Siku ya kwanza alinisomea masharti pale pale mlangoni. Ua la Mungu halinuswi. Likishanuswa na mtu limeshatumika, ni sawa na kumwandalia mgeni chakula ulichokwisha kukionja. Na ua lisilofunguka halitolewi, kwa sababu halijawa ua. Siku moja alinikuta nimetia pua kikapuni. Alimwaga mawaridi yote barazani, akasimama kunitazama nikiyaokota.

Yalipokuja Mapinduzi waliondoka na masanduku mawili, na miungu ya shaba imefungwa kwenye kanga. Duka likapotea, nyumba ikapotea, mume akafia Nairobi kwa presha. Dunia ilimtendea vibaya, sikatai. Lakini wapo waliotendewa vibaya wakawa wapole, na yeye si mmoja wao. Siku nilipohamia jirani yake alinikumbatia, akalia. Siku ya pili akanigongea kuniambia kwamba nguo zangu kambani zinamzibia jua.

Alikuwa na mtoto mmoja, Suresh, na Suresh alikuwa na mke, Lata, mzaliwa wa Dar es Salaam. Lata alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufunga vyakula vya abiria wa ndege, shifti za alfajiri. Alikuwa mtaratibu, akicheka hufunika mdomo kwa mkono. Agosti moja, mwanzoni mwa miaka ya themanini, alijifungua mtoto wa kike, na mtoto hakulia. Hospitali walimchukua kabla mama hajamtazama vizuri, wakasema watashughulikia wao kila kitu, yeye aende akapumzike. Zama zile ndivyo ilivyokuwa kwa wengi. Alizikwa wapi, Lata hakuambiwa, na Suresh hakuuliza. Lata aliporudi nyumbani, Bi Kokila alimpokea kwa neno moja.

"Hakuna aliyezaliwa, basi hakuna aliyekufa. Sitaki kusikia habari hii tena."

Alilisema kwa Kiswahili, maana mlango ulikuwa wazi nami nilikuwa nje. Akitaka nisikie husema Kiswahili. Akitaka nisisikie husema Kigujarati.

Oktoba nilimwona Lata amepiga magoti chini ya dirisha la jikoni, anafukia vitunguu vya maua. Ni yale ya manjano yenye kikombe katikati, dafodili. Nilimsalimu, naye akajibu bila kuinua uso.

"Da Mwana, sina pa kwenda kumtembelea. Nitakuwa nakuja hapa."

Niliingia ndani, nikakaa kwenye ngazi, nikalia.

Machi ya London haina adabu. Asubuhi jua linakuchekea, unatoa nguo kuanika, saa sita mvua ya mawe, jioni upepo wa kukung'oa masikio. Nilidhani maua yale yatakufa. Hayakufa. Yalichomoza kwenye tope, yakapigwa, yakalala, yakainuka tena, na wiki ya pili la kwanza likafunguka. Lata alisimama mbele yake na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa.

Kesho yake aliporudi kutoka kazini alikuta kijiti kitupu. Bi Kokila alikuwa ametoka na sahani yake ya shaba na mkasi, akalikata, akalipeleka kwa miungu. Siku ya tatu yalifunguka mengine, nayo akayakata. Kila lililofunguka likawa lake, na Lata akifika, anakuta vijiti vinatoa maji.

"Mama, niachie moja tu," alimwomba siku moja, nami nikiwa upande wangu napalilia.

"Unamnyima Mungu ua, Lata?"

"Simnyimi. Moja tu libaki ardhini."

"Kwa nini ardhini? Ardhini kuna nini?"

 Bi Kokila alimtazama Lata hadi akainamisha kichwa, kisha akaenda zake na sahani. Alijua vizuri sana ardhini kuna nini. Ndipo nilipoanza kumchukia hasa.

Kuamkia Jumapili moja theluji ilianguka. Nilitoka kumwaga takataka nikamwona Lata nje, shali mabegani na kandambili miguuni, kwenye baridi ile. Maua yaliyofunguka jana yalikuwa yameinama kwa uzito. Aliinama juu ya la kwanza, akalipangusa theluji kwa kidole, akatia pua ndani, akavuta pumzi. Akahamia la pili.

Bi Kokila alitokea mlangoni na sahani.

"Unafanya nini wewe?"

"Nanusa, Mama."

"Hujui kwamba ukinusa hayafai tena?"

"Najua."

Akaendelea mpaka la mwisho, bila haraka, kama anayebusu watoto kabla ya kulala. Kigelegele kilinifika kooni nikakimeza. Bi Kokila alitazama maua, akanitazama mimi, akaigeuza ile sahani tupu kifudifudi, akaingia ndani.

Tangu hapo kila alfajiri kabla ya shifti Lata alitoka na tochi, akayanusa yaliyofunguka usiku. Maua yakakaa. Akirudi mchana huvuta kigoda akakaa nayo, mvua ikija anafungua mwavuli, hatoki. Siku moja aliniambia jina la mtoto, jina ambalo hakuna mwingine aliyelijua, na sitaliandika hapa. Nilimwona akicheka mara mbili tatu bila kufunika mdomo.

Halafu ikaja asubuhi ambayo Lata yuko kazini, na mafundi wawili wakaingia na mikokoteni ya zege. Suresh alikuwa amesimama pembeni, mikono mifukoni. Nilimwita uzioni.

"Suresh, mkeo anajua?"

"Mama anataka pakavu pa kuanikia nguo, dada."

"Nimekuuliza mkeo anajua?"

"Ataelewa," alisema, akaangalia viatu vyake. Mwanamume mzima.

Hawakujisumbua hata kuyang'oa. Walimwaga zege juu ya maua yaliyosimama, wakasawazisha kwa ubao. Lata alirudi na sare ya kazini, akafungua mlango wa jikoni, akasimama. Bi Kokila alikuwa nyuma yake.

"Usikanyage," alimwambia. "Bado bichi."

Mwaka ule ukapita. Lata alikwenda kazini, akarudi, akapika, akafagia. Machi iliyofuata, kwenye ufa kati ya zege na nguzo ya uzio wangu, likachomoza jani, kisha kikonyo na ua moja lililofumba. Lata aliliona, nami nikaliona. Tulikubaliana kwa mnong'ono: mimi nitalilinda mchana, yeye atalinusa alfajiri litakapofunguka. Mvua ya mawe ilipokuja nililifunika kwa ndoo, na ilipokatika nikaifunua lipate jua. Nililichunga ua lile kuliko nilivyochunga wanangu.

Bi Kokila naye alikuwa akilitazama kupitia dirisha la jikoni, hana haraka. Alitoka mchana mmoja na mkasi, akalikata likiwa kijani, limefumba kabisa, halina hata harufu ya kunusa.

Nilishindwa kunyamaza. "Bi Kokila, hilo halijafunguka. Halitolewi. Ni wewe uliyenifundisha."

"Mungu ana subira, Mwanamwema," alisema, akaingia nalo.

Alilitia kwenye gilasi ya maji mbele ya miungu yake, chumbani kwenye joto. Siku chache baadaye Lata alitoka kuanika nguo juu ya zege. Nilisogea uzioni.

"Limefunguka, Da Mwana," alisema, kibanio cha nguo kimo kinywani.

"Umeliona?"

"Nafagia pale kila asubuhi. Zuri. Kubwa kuliko yote ya mwaka jana."

"Basi linuse, mwanangu. Linuse mbele yake, na litakalokuwa na liwe."

Alitoa kibanio kinywani, akabana shati la Suresh kambani, akalinyoosha kola.

"Nikilinusa atalitupa jaani," alisema. "Nikifika pale nabana pumzi, mpaka nimalize kufagia."