Waya wa Karibu na Ngazi

Fundi wa kusuka upya mota zilizoungua alikuwa na wateja wengi na mkwe mmoja. Mkwe huyo, mama mzaa mkewe, ndiye mwenye mashine ya kusaga nafaka pale kona, na mota yake ilikuwa imeungua mara ya tatu mwaka huo. Mama hakumung'unya maneno. Mbele ya wanawake waliopanga foleni na ndoo zao, alisema huyu bwana ameishi na binti yake miaka ishirini na miwili na kusuka bado hajajua. Ikiungua tena, ataipeleka kwa fundi wa kweli. Yalimchoma, kwa kuwa fundi jina lake ndilo duka lake.

Alipoifungua, theluthi moja ya koili, ile misokoto ya waya wa shaba, ilikuwa makaa matupu, nyingine zinang'aa kama mpya. Usukaji mbovu hauchagui hivyo. Akapima fezi, zile nyaya tatu za umeme zinazoingia kwenye mashine: mbili zilikuwa sawa, ya tatu imepungua volti zaidi ya thelathini. Mota haiwezi kuvumilia umeme wa kuchechemea.

Alifurahi, wala hakuificha furaha yake. Akafuata nyaya nguzo kwa nguzo apate ushahidi wa kumfunga mama mdomo. Kati ya nyumba thelathini na nne za mtaa, ishirini na saba zilining'inia kwenye fezi ile ile moja. Ndipo furaha ikamtoka. Nyumba hizo aliziunganisha yeye, enzi za ujana wake alipofanya kazi ya kupanda nguzo na kuunganishia watu umeme. Kila moja aliifunga kwenye waya uliokuwa karibu na ngazi, maana kuhamisha ngazi ni kazi, na taa ziliwaka vilevile. Mchuma janga hula na wa kwao.

Angeweza kunyamaza. Alipoirudisha mota, alimwendea mama pale mashineni, akamwamkia, akasimama kando, mbali kidogo na foleni.

"Mama, mota nimeisuka vizuri. Ila fezi moja imebebeshwa mtaa mzima, na aliyeibebesha ni mimi."

Akaeleza habari ya ngazi. Mama akamwuliza kwa sauti ya chini nani mwingine anajua. Hakuna, akajibu. Mama akaigeukia foleni.

"Jamani, fundi wangu hana kosa. Ni umeme tu."

Miaka ishirini na miwili alikuwa akingoja kuitwa fundi na kinywa kile. Sasa ameitwa, na uso hakuweza kuuinua.