Meno ya Stoo ya Kambi

Mume wangu alikuwa askari wa nusu wiki. Jumatatu mpaka Jumatano alivaa gwanda, akashika stoo ya chakula kambini Mbarara. Siku zilizobaki alivaa kanzu, akauza chumvi na sabuni dukani kwetu. Majirani walimtania, "Afande, leo tukupigie saluti au utupimie chumvi?" Alicheka tu. Alisema kazi ni ile ile, kulinda magunia. Nyumbani hata vikombe alivipanga kwa mstari, nami nilivivuruga makusudi ili nimsikie akigomba. Mungu amrehemu, ninamkumbuka mno.

Maharage ya kambi yalinunuliwa Nakivale, kwa wakimbizi wenzangu, maana mimi nimekulia kule. Kipimo kilikuwa jino. Unatoa punje katikati ya gunia, unang'ata: ikipasuka, ni kavu, jino likizama, ni mbichi, itaota ukungu stoo. Aliyeshika stoo kabla ya mume wangu alifukuzwa kwa ajili ya magunia yaliyooza.

Sasa mwaka ule mavuno yakaangukia Ramadhani. Mume wangu amefunga, na habari ya kutia kitu mdomoni mchana hakutaka hata kuisikia. Wapakiaji hakuwaamini: wakipewa kibuyu cha pombe, kila punje kwao ni kavu. Mimi nilikuwa na mimba, sikufunga. "Basi wewe ndiye meno yangu," akaniambia. Nikapandishwa lori la jeshi kando yake, na tumbo langu.

Wanawake wa Nakivale walinicheka mpaka wakashika mbavu. "Ala! Jeshi limeishiwa meno, linaazima ya wajawazito!" Nikang'ata gunia hili, nikang'ata lile, najiona mkubwa kweli kweli. Kisha tukafika kwa baba.

Baba alikuwa ameshasema tangu kupanda kwamba maharage yake ya mwaka ule yatakuwa mabati. Paa lake la nyasi lilikuwa limechoka, mvua ilimfuata kitandani. Midomo ilimkauka kwa saumu, lakini aliponiona akatabasamu. "Karibu, mama. Ng'ata."

Jino likazama.

Jamani! Nilikaa na punje ile mdomoni, sijui niteme au nimeze. Mume wangu akaangalia buti zake. Nikajaribu gunia la pili, la tatu, yale yale.

"Mabichi, baba."

"Yote?"

"Yote, baba."

Akayafunga magunia yake mwenyewe. Hata kwaheri yangu hakuiitikia. Nililia njia nzima hadi mjini, na mume wangu akajitia kunibembeleza: "Ungenyamaza tu, ningeyapokea." Hapo nikawaka. "Ungeyapokea, ukafukuzwa, tukala nini? Saluti?" Lakini moyoni nilijua nimemnyima baba paa, na niliogopa kwamba nimempoteza.

Baada ya Idi jua likawaka vizuri. Mume wangu akarudi Nakivale peke yake, meno yake sasa yako huru. Akanunua kwa wengine wote, ila kwa baba akarudi mikono mitupu. Baba alikuwa ameyaanika maharage kwenye mikeka, akayarudisha magunini, kisha akakaa juu ya magunia na kukataa yasifunguliwe. "Wewe ni mkwe," alimwambia, "utanionea haya. Niletee yule aliyenikataa."

Safari iliyofuata nikaenda, tumbo limetangulia. Nikamwamkia, akaitikia. Akafungua gunia, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa punje moja, akaifuta kwa shati lake na kunitia mdomoni kwa vidole vyake, kama mtu anayemlisha mtoto.

"Sema kweli, kama siku ile," akasema.

Ikapasuka. Nikaitema kiganjani, nikamwonyesha vipande viwili. Baba akaviangalia, akaliangalia paa lake, akaanza kulia, nami nikamshika mkono tukalia pamoja mbele ya wanajeshi.