Wimbo wa Mtoto Nisiyemjua

Sijawahi kumwamini mwanamume anayeimba asubuhi. Mume wangu ni askari polisi, na wakati huo alikuwa kazini mpakani Mpondwe, tunapopakana na Wakongo. Mimi nilibaki kambini Kasese, naye alikuja Jumamosi kwa Jumamosi. Jumamosi moja alikaa mlangoni anapiga viatu rangi, akaanza kuimba polepole, kwa Kiswahili cha Wakongo: "Mutoto yangu, niko nakuya, usilie tena."

Mtoto gani? Tulikuwa na miaka tisa ya ndoa, na sikuwa nimewahi kupitiliza siku zangu hata mara moja. Kambini kila mwanamke ni mama fulani. Mimi nilikuwa bibi ya afande, basi.

Nikajifanya sijasikia, nikaanza upelelezi wangu. Mfukoni mwake nikakuta peremende mbili. Peremende! Mtu mzima mwenye meno mabovu ananunua peremende za nini? Akija anaimba, akiondoka anaimba, na nikimuuliza ni wimbo gani ananijibu, "Ya filamu." Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Huyu alikuwa analisema mwenyewe, tena kwa sauti nzuri.

Wiki ya tatu nikapanda gari hadi Bwera, mji ulio jirani na Mpondwe, bila kumwambia, nimeshapanga maneno yote ya kumtolea huyo mama mtoto. Mchukuzi mmoja wa mizigo aliniambia, bila hata kufikiri, kwamba afande akitoka zamu ya asubuhi hushinda kwenye kibanda cha video. Nikasema moyoni, ndipo wanapokutana.

Niliingia nikakaa benchi la nyuma. Mume wangu alikuwa mbele, katikati ya wachukuzi, ananyonya peremende. Walikuwa wanatazama tamthilia ya wapelelezi wa Marekani ya zamani: suruali zilizopanuka chini, nywele kama vichaka, magari marefu ambayo yasingeweza kukata kona hata moja ya Bwera. Pembeni mwa televisheni Mkongo mmoja wa Butembo ameshika maikrofoni, anatafsiri.

Mara ukaingia muziki wa soul. Tarumbeta zilipigwa taratibu, na mwanamume akaimba kwa kubembeleza kana kwamba anamwomba mkewe radhi. Mimi nikapoa. Wenzangu wakakaa wima, kumbe wao walishaijua tabia ya picha hizo: wimbo ukiwa mtamu, kuna mtu anakufa. Kijana mmoja mtanashati alikuwa anashuka ngazi huku anatabasamu, na nyuma ya mlango bunduki inamngoja. Mtafsiri, ambaye hakuweza kuacha hata wimbo upite bila yeye, akaimba juu ya sauti hiyo: "Mutoto yangu, niko nakuya..." Kibanda kizima kikaitikia. Mume wangu ndiye aliyewazidi wote kwa sauti.

Picha ilipokwisha nilimfuata mtafsiri, nikamuuliza huyo mtoto ni nani.

"Mama, mu kingereza banaimba bebi," akasema. "Bebi, si ni mutoto?"

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Hata mimi niliyeishia darasa la sita najua bebi wa kwenye nyimbo si mtoto. Halafu kicheko kikanikauka. Kama si mtoto, basi ni mwanamke.

Mume wangu alikuwa amesimama nje, ameshaniona. "Nani alikutuma hapa?" akaniuliza, kama anahoji mshukiwa.

"Una mtoto Bwera," nikamwambia. "Au una bebi. Chagua."

Akacheka. Nikamwambia nitapita nyumba kwa nyumba mpaka Mpondwe, na nikimpata huyo mtoto nitambeba mwenyewe nimpeleke kwa mama mkwe wangu akamwone mjukuu. Hapo akaacha kucheka. Nadhani ni kule kumtaja mama yake.

"Wacha," akasema. "Mutoto mimi natoa wapi? Dokta alinipima. Shida iko kwa mimi."

Nilisikia vizuri, lakini nilimtaka arudie. Akarudia, kwa sauti ya chini zaidi. Mama yake alikuwa akiniletea dawa za mizizi kila mwaka, chungu za kutapisha, na kuniita shamba la mawe mbele ya mawifi zangu. Nami nilikuwa nikizinywa zote, huku mume wangu amekaa pale pale anakula, hasemi kitu.

"Ulijua tangu lini?"

"Mwaka ya pili."

Niliondoka bila kumuaga. Gari la Kasese lilikuwa halijajaa, nikakaa ndani nikitetemeka kwa hasira, na mwanamke aliyekuwa karibu yangu akaniuliza kama nina malaria. Nikamwambia ndiyo. Mungu anisamehe: nilitamani ningemkuta na mtoto, hata wawili.