Kitabu cha Majengo ya Japani

Siku ile naikumbuka, mwanangu, ingawa sipendi kuikumbuka. Nilikuwa mwalimu wa kike, bado kijana, katika shule moja ya mtaa wa Manika, hapa Kolwezi kwenye migodi. Darasa la jirani lilikuwa la Tata Mbuyi, yaani Baba Mbuyi, mtu wa asili ya mkoa wa Kasai. Baba yake aliletwa kufanya kazi mgodini. Yeye mwenyewe alizaliwa hapahapa.

Alikuwa na kitabu cha Kifaransa kuhusu majengo na michoro ya Japani, alichopewa na injinia Mjapani aliyeondoka migodi ilipoanza kufa. Ndicho alichofundishia kuchora. Kila mwaka aliwaonyesha wanafunzi picha mbili: mnara wa mbao uliosimama zaidi ya miaka elfu moja, na hekalu la Ise, ambalo hubomolewa na kujengwa upya kila baada ya miaka ishirini, kwenye kiwanja cha pembeni, kwa vipimo vilevile. Halafu aliwauliza jengo lipi ni la zamani zaidi. Walibishana mpaka kengele ilie. Mimi niliona anapoteza wakati.

Kisha ukafika mwaka wa kuwafukuza watu wa Kasai, wanasiasa waliposema kwamba ni wageni wanaokula kazi za wenyeji. Vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiwatoa. Tata Mbuyi na familia yake wakahamia stesheni, wakalala nje katika umati uliongojea treni. Mkuu wa shule akanipa darasa lake na ufunguo wa kabati lake.

Asubuhi moja alikuja kuomba kitabu chake. Vijana wawili walisimama getini wakitutazama. Nilimwambia ufunguo sina. Ulikuwa mfukoni mwangu, na mkono wangu ulikuwa juu yake.

Aliutazama ule mkono, akaniambia bila hasira, "Mama, we si mwizi. Unaogopa tu. Lakini bale batoto pale getini habanijui. We unanijua."

Akaondoka. Treni yake ilichelewa wiki tatu, na stesheni si mbali, unaenda kwa miguu. Sikwenda.

Miaka mingi baadaye binti yake alikuja kutoka Mbuji-Mayi, kule Kasai, akaulizia shule ile hadi akanipata. Nikampa kitabu, nikamweleza yote. Akasema baba yake aliendelea kufundisha huko. Hekalu la Ise alilichora ukutani kwa makaa, kwa kumbukumbu tu. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Nikamuuliza kama aliwahi kunitaja.

"Alisema uliogopa," akajibu. "Hakuongeza neno."

Basi sikia, mwanangu. Jirani yako akifukuzwa, huenda usiweze kuwazuia wanaomfukuza, wala sisemi lazima uwe shujaa. Lakini kilicho chake mpe mkononi mwake, mbele ya watu, siku hiyohiyo. Mimi nilikirudisha kwa mtoto wake, akanishukuru kwa adabu, na shukrani ile haikunisaidia kitu.

Mungu akulinde, akuzidishie miaka, na akujalie ufike uzeeni bila kuwa na jambo kama hili la kusimulia.